Monotipi ku organza na rido nyepesi: rangi inapita yote ngambo, nifanye namna gani?

binti_kamalondo

Jambo yenu bote, ba yaya na ba papa ya atelye. Niko nalomba musaada kwa benye banajua monotipi (unapaka rangi ku plake, kwangu ni ya jelatini, kisha unachapa picha moya tu), lakini haina ile ya ku karatasi, ni ile ya ku kitambaa yenye iko nyepesi mupaka unaona mukono yako ngambo ingine: organza, vwali ya rido, tule, bintu ya namna ile.

Projeti yangu iko hivi. Nataka bitambaa tatu mu kadre moya, moya mbele ya ingine. Ya nyuma iko na picha ya babu yangu na benzake, alitumikaka ku Union Minière, ile kompani ya mine, tuko na foto moya tu ya ile wakati na nilishaka kuiskane. Ya katikati ni majani ya muembe ya mu lupango yetu hapa Kamalondo, Lubumbashi. Ya mbele ni mistari tu, mingi mingi. Mutu akipita mbele ya kadre aone sawa bile bintu binatembea kidogo, juu macho inatoka ku kitambaa moya inaenda ku ingine.

Ku karatasi niko sawa, jelatini najua kupika, rulo iko, akriliki iko. Lakini nikifika ku organza yote inaharibika, rangi inapita ngambo inabakia ku karatasi yenye niliweka ya kukingia, jani inatoka doa tu bila mishipa, na kitambaa yenyewe inaserereka juu ya plake mbele nimalize kupapasa. Tena tuko mu mwezi wa nane, munajua namna hewa iko kavu, akriliki inakauka ku plake mbele niweke jani ya tatu. Na bile bitambaa yenye bilitoka kidogo muzuri, nikibipanga pamoya bote bunakuwa bweupe bweupe tu, babu haonekane tena.

Sasa nauliza: nibadilishe kitambaa ao nibadilishe rangi? Medyomu ya tekstile siipate hapa, ni ya lazima kweli? Na mwisho bile bitambaa nibikamatishe na kole ao na uzi? Aksanti mbele.

atelye_katuba

Mudogo yangu, jambo. Kitambaa yako haina mubaya. Ni rangi iko mingi.

Ona, karatasi inakunywa. Organza ya rido ni polyester, haikunywe kitu, rangi inakaa juu ya nyuzi na yenye inabakia inaingia mu matundu kati ya nyuzi. Ukijaza ile matundu umeisha kuua kitambaa, juu ile matundu njo inafanya uone ngambo. Weye unatiya rangi kipimo ya karatasi, njo maana inapita yote. Tembeza rulo na usikilize. Rangi ikiwa mingi rulo inanata na inalia kwa nguvu, ikipungua sauti inakuwa shhh tu, ya chini. Pale njo pa kuacha. Inama uangalie plake ku mwangaza wa dirisha, uone ngozi nyembamba bila tulima tulima.

Kitu ya pili, na kwangu njo ya maana kuliko yote: organza usiipatie chapa ya kwanza. Weka rangi ku plake, lalisha jani, ile ngambo ya nyuma yenye mishipa inatokeza iangalie chini, weka karatasi juu, papasa muzuri, tosha karatasi. Ile karatasi itakuwa na umbo ya jani tupu, katikati nyeupe. Usiitupe, utaitumia siku ingine. Sasa inua jani na ncha ya kisu ao pensi ya kunyolea nyusi, polepole, na chini yake utaona rangi ilibakia na mishipa yote, mupaka ile tudogo tudogo. Hapo njo unalalisha organza. Rangi iko kidogo, inatosha kwa nyuzi, haitoshe kwa matundu. Mi ku kitambaa nyepesi nachapa paka fantome, ile chapa ya pili, ya kwanza yote inaenda ku karatasi.

Bantu banazarau fantome juu iko zaifu. Lakini Degas, kule Ufaransa toka miaka ya 1870, alikuwa anatosha chapa ya pili yenye kufifia na anaipaka pasteli juu, kuko pasteli zake mingi zenye munda yake ni monotipi. Kwako haina lazima ya pasteli, kitambaa ya nyuma njo itafanya ile kazi, itasukuma rangi kutoka chini.

Kwa kukauka: matone mbili tatu ya gliserini ya ku farmasi mu kijiko ya rangi. Usizidishe, ikizidi rangi haikauke kabisa, inabakia kunata na mavumbi yote ya muji inakuja kulala pale. Tumika asubui mapema, na uweke ka-pompe ya mayi karibu, ile ya kunyunyizia, unapiga mu hewa juu ya plake, hapana ku plake yenyewe. Mvua ikianza ile shida itageuka, rangi itakatala kukauka na utakuwa unapepea na karton.

Na jelatini yako iko na nguvu gani? Kwa kitambaa mi napika ngumu kiloko, bijiko bikubwa bibili ya unga kwa kikombe moya ya mayi, kwanza unaloweka na mayi ya baridi, kisha unatiya ya moto. Isichemuke, jelatini ikichemuka nguvu inapungua. Mapovu unayakokota pembeni na kipande ya gazeti mbele ishike. Ikiharibika unakata kata, unayeyusha tena mu sufuria yenye iko munda ya sufuria ya mayi ya moto, inarudia kazi.

yaya_kuturie

Mi nashona hapa Lubumbashi ku komine Kenya, ya sanaa sijue sana lakini kitambaa najua, na papa wa Katuba amesema ya rangi basi mi niseme ya kitambaa.

Mudogo, ku soko kila kitu yenye inangara na kuonesha banaita organza, usiamini. Kata kauzi kamoya, shika na pensi, choma pembeni ya beseni ya mayi. Ikiyeyuka na kufanya kadonge kagumu na harufu ya plastiki, ni polyester. Ikinuka karatasi ya kuungua na jivu laini, ni koton. Ikinuka nywele basi ni hariri, na ule mama alikuuzishia hakujua iko anauzisha nini, rudia mbio ununue yote.

Kisha kitambaa mupya yote iko na apre, ile dawa banatiya ku fabrike isimame na ingare. Rangi haishike juu ya apre. Fua na mayi ya vuguvugu na sabuni kidogo, usitiye ile dawa ya kulainisha, suuza muzuri, kausha mu kivuli. Pasi iwe ya moto kidogo tu, na kipande ya koton katikati, polyester inakunjamana mara moya na haitakurudilia. Vwali ya koton yenyewe inavumilia moto, na rangi inaishika vizuri kuliko polyester juu koton inakunywa, lakini haionesheke sana, kwa hiyo utachagua: ya koton weka nyuma, ya organza weka mbele.

Kuserereka sasa. Usilalishe kitambaa na mikono, mikono mbili haitoshe. Kata karton ngumu ifanye kadre, tundu ya katikati ipite plake kidogo, vuta kitambaa juu yake na skochi ya karatasi ngambo ine zote, hapana kuvuta mupaka nyuzi zipinde. Kisha unashusha kadre yote mara moya juu ya plake. Kitambaa inagusa, haitembee, unaweka gazeti juu, unapapasa na kiganja, unainua. Ukitaka kurudilia rangi ya pili fashi ile ile, piga alama ya pembe za karton ku meza, utakuja kila mara pale pale.

Kukata: vuta uzi moya utoke, ule mustari unabakia njo unafwata na makasi. Kingo ya polyester inafumuka, bantu banapitisha ku mushumaa inayeyuka na kushikana, inawezekana lakini moshi yake mubaya na moto unaruka haraka, fungua dirisha na uweke mayi karibu. Mi ningeacha ifumuke sentimeta moya, kwa bintu ya ku kikuta iko na butamu yake.

Kole HAPANA. Kole inaingia mu matundu, ikikauka inangara fashi ingine na fashi ingine haingare, utalia. Shona ku ukingo wa juu peke yake, uzi moya mwembamba, chini uache ining'inie huru. Weye mwenyewe umesema unataka bintu bitembee, sasa kitu yenye kole itatembea namna gani?

fundi_tshirt_belair

Kwa kifupi juu ya medyomu. Ile inatiwa juu rangi ibakie laini na ivumilie kufua. Kadre yako utaifua? Hapana. Basi si lazima. Akriliki peke yake, nyembamba, itashika. Itakuwa ngumu kidogo ukiigusa, ku organza yenyewe ngumu hakuna mutu ataona.

Kitu moya ya kuangalia: mutu asikupatie enke ya serigrafi ya plastisole, ile ya ma-t-shirt. Haikauke na hewa, inalomba moto ya karibu digri 160 ndiyo ishike, na rido yako ku ile moto itakuwa haiko rido tena. Ukipata enke ya serigrafi ya mayi, ile ndiyo, iko muzuri kuliko akriliki juu inakawia kukauka.

atelye_katuba

Fundi uko sawa kwa mingi lakini ku vwali ya koton medyomu inasaidia, bila ile kitambaa inakuwa karton fashi yenye rangi iko, na haianguke vizuri. Akiipata atiye. Asipoipata apunguze rangi, tunarudia pale pale.

binti_kamalondo

Ba yaya, aksanti mingi! Nilifanya sawa papa alisema, jani ya muembe, karatasi kwanza, kisha organza ku karton ya yaya kuturie. Mishipa YOTE iko. Mama yangu alizania ni jani ya kweli yenye nilibandika.

Nimebakia na mambo mbili. Ya kwanza, bweupe. Hata na rangi kidogo, nikiweka organza mbili nyeupe mbele ya foto ya babu, uso yake inazama. Ya pili, ile foto yenyewe. Kuko njia ya kuchapisha foto na plake ya jelatini kupitia fotokopi ya leza, nilionaka mutu anafanya ku karatasi. Ku organza nimejaribu, uso inatoka madoa madoa tu, macho haiko.

papa_dekoro

Binti yangu, mi natengenezaka dekoro ya teatre na ya ndoa, ile ya bweupe nitakujibu mi.

Shida haina kitambaa, ni fashi yenye mwangaza inatokea. Rido nyeupe ya ku nyumba yako: muchana, mutu wa ku barabara haone munda, anaona rido tu. Usiku ukiwasha taa munda, bote ba ku barabara banaona unakula nini. Rido ni ile ile. Mwangaza ukipiga ngambo ya mbele, nyuzi nyeupe zinarudisha mwangaza ku macho na nyuma inapotea. Mwangaza ukitokea nyuma, nyuzi zinapotea na nyuma inaonekana. Mu teatre tunatumikisha ile kila siku, mucheza-mchezo anasimama nyuma ya kitambaa, unazima mbele unawasha nyuma, anatokea.

Kwa hiyo kadre yako itatundikwa wapi? Ukiiweka ku kikuta kipofu na taa mbele, bitambaa bitatu byeupe bitakula babu. Ukiiweka mu dirisha ao mbali na kikuta na mwangaza nyuma, itaishi. Na usitegemee taa, kura, ni kusema umeme, inakatika siku yenye bageni bamefika, njo siku yake ya kukatika. Tafuta dirisha, uangalie jua linaingia saa gani. Lakini jua kali siku zote itafifisha rangi ingine, basi dirisha yenye haipate jua la moja kwa moja njo muzuri.

Kama ni lazima ku kikuta: tumia organza NYEUSI ao ya kahawia mbele. Bantu banashangaa kila mara, banazania nyeusi itaficha. Nyeusi hairudishe mwangaza, macho inapita kati yake inaenda nyuma, inaonesha kuliko nyeupe. Chapa mistari yako ku nyeusi na rangi ya shaba ao nyeupe yenye kufunika, ile ya kupenya haitaonekana ku nyeusi.

Kingine, usilalanishe. Kati ya kitambaa na kitambaa weka nafasi, tupande twa mbao ku kingo ya kadre, sentimeta moya ao mbili. Ikigusana inakuwa kitambaa moya nzito. Ikiachana, kila moya inatupa kivuli yake ku ya nyuma, na ule mutu anapita mbele atapata ile kutembea yenye unatafuta, juu ya kule kuachana, haina juu ya upepo. Na ukiona mawimbi mawimbi ya ajabu yenye weye haukuchapa, ni nyuzi za bitambaa bibili binapigana, geuza moya kiloko pembeni itaisha. Ao uiache, mi siku ingine naipenda, lakini ku uso ya mutu haifae.

kivu_mwangaza

Niko Goma lakini nafwata hii mazungumuzo toka jana, dada niruhusu niseme juu ya foto.

Ile ya fotokopi ya leza namna inatumika: unapaka rangi nyembamba sana ku plake, unalalisha fotokopi uso chini, unapapasa haraka, unainua. Karatasi tupu inabeba rangi, lakini fashi yenye iko na unga mweusi wa leza inakatala rangi, ile rangi inabakia ku plake. Kwa hiyo ku plake unabakia na foto, giza ya foto njo rangi. Unaiacha ikauke. Kisha unapitisha rangi ingine ya mwangaza juu, unaweka karatasi, na ile rangi mubichi inavuta ile yenye ilikauka.

Sasa angalia juu gani ku organza inakufa. Ile rangi iliyokauka ni ngozi nzima, inataka kitu yenye itaishika fashi zote. Organza iko na uzi, tundu, uzi, tundu. Inavuta fashi ya uzi, fashi ya tundu inabakia ku plake. Jicho ya mutu mu foto kadogo iko na ukubwa wa matundu ngapi? Njo maana macho haiko. Ku vwali ya koton yenye nyuzi ziko karibu inatoka, kama utaacha kitambaa ku plake mupaka ianze kukauka, dakika mingi, na unaivuta polepole toka pembe moya. Na ukuze foto, uso ifike kiganja ya mukono. Ile ya bantu kumi bamesimama mustari moya, chagua babu na benzake wawili, ama umkate peke yake.

Ila mimi ningekuambia kitu ingine: juu ya nini babu awe ku kitambaa ya kuonesha? Kitambaa ya nyuma hakuna kitu nyuma yake. Muweke ku karatasi, ama ku koton nzito, chapa nguvu, giza iwe giza kweli, kuliko unavyofikiri ni vizuri, kwa sababu kila kitambaa mbele itapunguza. Halafu kazi ya kuonesha uwaachie organza mbili za mbele. Bitambaa bitatu vyote vyepesi mara mingi binatoa kitu ya ukungu tu, macho inakosa fashi ya kusimama.

Juu ya kole, yaya kuturie anisamehe, sikubali yote. Kuko ile medyomu ya akriliki ya mate, yenye haingare. Ukilalisha gaze ya farmasi, ile ya vidonda, juu ya karatasi na ile medyomu yenye umepunguza na maji, gaze inakaribia kupotea, inabakia chapa yenye iko juu yake kama inaelea. Ku picha ya nyuma inaweza kusaidia, unakamatisha kitambaa moya na kole na zile mbili za mbele unaziacha huru. Gaze pia ni bei ya chini na ni koton, inakunywa rangi vizuri. Tu usichukue moskitere, najua iko inavutia na iko kila fashi, lakini ile mingi iko na dawa ya mbu, ukiipiga pasi hiyo dawa utavuta wewe, na batoto ba mu nyumba balale namna gani.

yaya_kuturie

Kwa kitu yenye haitatembea, sawa, kole. Nilisema juu ya zenye bitaning'inia. Na juu ya moskitere uko na haki, bananileteaka nishone bilamba bya ndoa, nakatala.

binti_kamalondo

Kivu_mwangaza, aksanti sana, ile ya kukata mustari ya bantu imeniuma kidogo juu babu mwenyewe alikuwa anasema benzake ni ndugu, lakini naelewa. Nitakuza mupaka babu na ule wa kuume na ule wa kushoto, majina yao bibi anayajua.

Papa_dekoro nimeenda kununua organza nyeusi, mama wa soko akaniuliza nani alikufa. Mistari sasa. Nilikuwa nafanya na brushi ku plake lakini iko inatoka ya uvivu, haina nguvu.

atelye_katuba

Acha brushi. Paka plake rangi nyembamba yote, kisha TOSHA rangi: na kitana ya plastiki, na kipande ya karton umekata meno, na kucha, na pembe ya kadi ya simu ya zamani. Ku monotipi mwangaza unaufanya kwa kutosha, kila fashi unapitisha kitana kitambaa itabakia tupu na babu atapita pale. Kwa hiyo usifikirie mistari yenye rangi, fikiria mistari yenye haiko na rangi, njo milango yako. Fashi ya uso wa babu pitisha kitana mingi, fashi ya kikuta ya kambi ya batumikishi mu foto acha rangi.

Na kama unataka kuona mistari fupi fupi inaweza kufika wapi, hapa kwetu tuko nayo. Mwenze Kibwanga, wa ile atelye ya Le Hangar yenye Pierre Romain-Desfossés alianzisha hapa mu 1946, alikuwa anajaza picha nzima na tumistari tufupi tufupi, mutu na nyama na udongo bote mistari, rangi inabadilika bila mupaka kuonekana. Bela wa ile ile atelye alikuwa anachora na vidole, alama ya kidole moya moya. Mi sikuambie ufanye sawa beye, ile ni yao. Lakini bantu bananiulizaka kila mara mustari wa monotipi banauiga wapi, banafungua telefone banaangalia ya Wazungu, na mistari iko hapa Lubumbashi toka babu yako yuko kijana. Na juu ya kupandanisha foto ya zamani na ya leo, Sammy Baloji alishaka kutuonesha, alikata batumikishi ba zamani mu foto za arshive akabasimamisha mu bikiwanda bya leo byenye kuharibika. Yeye kwa ordinatere, weye kwa kitambaa. Kwake makali inaonekana, mutu na fashi haishikane, na ni makusudi. Kwako kitambaa itabalainisha, na hapo uangalie, juu kulainisha sana kunaweza kufanya maisha ya kambi ionekane tamu kuliko ilivyokuwa. Giza ya nyuma iwe nguvu, sawa ule wa Goma amesema.

Rangi ya shaba ku organza nyeusi, tosha na kitana, karatasi kwanza ao hapana? Kwa mistari mi nachapa moja kwa moja, hapa fantome haina kazi, shaba ya fantome ku nyeusi haionekane.

fundi_tshirt_belair

Rangi ya shaba ya dukani chunga, ingine iko na tumavumbi tukubwa, rulo inaikusanya upande moya. Koroga mara kwa mara, usiiache mu kopo.

binti_kamalondo

Swali ya mwisho na nitabaacha mupumzike. Kadre iko sentimeta 60 kwa 80, babu ku koton nzito, majani ku organza nyeupe, mistari ku nyeusi. Dirisha nimepata, lakini kati ya leo na ekspozisio nitabeba bile bitambaa mu taxi-bus toka Kamalondo mupaka mu muji, na polyester ikikunjika sijue kama pasi itaweza juu ya rangi.

papa_dekoro

Usikunje hata moya. Nenda fashi banauzisha rido, lomba ile tube ya karton yenye kitambaa inazungukiaka, banatupaka. Kata ipite kidogo 60. Lalisha kitambaa ku karatasi ya furu, ile ya mikate, rangi ikiangalia inje, zungusha bila kukaza, kila kitambaa na karatasi yake, juu akriliki ikigusana na akriliki ku joto inashikana na ukiivuta inapasuka. Funga na kipande ya kitambaa, hapana skochi. Mu taxi-bus uisimamishe kati ya magoti, konveyere akikuambia uiweke juu ya gari umulipe fashi ya pili.

Ukifika itundike siku moya mbele ya bageni, mikunjo midogo itaanguka yenyewe. Yenye itakatala, pasi ya chini kabisa toka nyuma, karatasi ya furu katikati, unagusa na kuinua, haukokote. Na ubebe sindano na uzi mweusi na mweupe.

yaya_kuturie

Na makasi. Banasahauka makasi.